Bloga na mwandishi wa gazeti kwenye mizani ya mwani: nani alitufaa?

Wenzangu wa vikundi vya huku Mkinga na Tanga mjini wananiuliza mara kwa mara: mtu akiwa na jambo la kutangaza amwite nani, bloga au mwandishi wa gazeti? Najibu hapa kwa urefu, kwa sababu sisi tuliwaita wote wawili kwa jambo lile lile, na kazi ya kila mmoja tuliiona tangu anashuka kwenye pikipiki mpaka habari inatoka. Naandika kama mteja aliyehudumiwa. Majina yao siyataji, wala la gazeti, wala la blogu. Nitakayoyasifu ni yao. Nitakayoyalaumu nimeyaona kwa wengi, si kwa kijana mmoja.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nilifundisha Kiswahili na historia, na sasa ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaolima mwani. Kijiji chetu kiko pwani ya wilaya ya Mkinga. Ukitoka Tanga unafuata lami ya Horohoro, halafu unaiacha na kuingia mkono wa kulia kuelekea baharini. Kwa asiyeijua kazi hii: miche tunaifunga kwa tai-tai, yaani vikamba vidogo, kwenye kamba, kamba tunazifunga kwenye vigingi, na baada ya wiki sita hivi tunavuna, tunaanika juu ya chanja, tunajaza magunia. Shambani tunaingia maji yanapokupwa sana, wakati wa bamvua. Maji mafu yakishika, hakuna kazi ya kufanya mle ndani. Wengi wetu tunalima aina ya mwani iitwayo spinosum kwa sababu inavumilia. Cottonii ina bei nzuri zaidi, lakini bahari ikipata joto inadhoofika na kukatika, na jasho lako linaondoka na mawimbi. Ukishamaliza yote hayo kinabaki kitu kimoja, mizani ya mnunuzi. Mshale wake ndio unaosema utarudi nyumbani na nini.

Na mshale huo ulikuwa unatusumbua. Gunia ambalo akina mama wawili wamelinyanyua kwa kuhema lilikuwa likifika kwa mnunuzi linakuwa jepesi. Kwanza tulisema labda ni unyevu umetoka njiani. Msimu uliofuata mwani ukakauka mpaka ukawa unavunjika mkononi, na kilo zikaendelea kupungua. Tulipolalamika, wakala wa mnunuzi akatuambia asiyetaka auze kwingine. Hapo kikao kikaamua tuite watu wa habari.

Bloga tulimpata kupitia binti wa mwenzetu mmoja, aliyekuwa anafuatilia ukurasa wake. Nilimtumia ujumbe jioni, akajibu kabla ya isha. Alinisalimia, "Shikamoo Mwalimu," kisha swali lake la kwanza likawa, "Bamvua ni lini? Nataka niwakute majini." Nilimpenda kwa swali hilo. Watu wengi wa mjini huja na kututaka tupange mstari mbele ya ofisi ya kijiji, tuvae sare, tushike karatasi. Huyu alikuja alfajiri kwa bodaboda, akakunja suruali, simu ameitia kwenye mfuko wa nailoni, akaingia nasi mpaka maji yakamfika magotini. Alipiga picha mikono ikifunga tai-tai. Alimrekodi Bi Mkubwa wetu, mwenye umri mkubwa kuliko wote kikundini, akieleza anavyopanga miche, na hakumkatiza.

Jambo la mizani alilifanya vizuri zaidi. Mwenzetu mmoja alikuwa anajenga choo na alikuwa na mfuko wa saruji wa kilo 50, haujafunguliwa, uzi wake bado. Akasema, kwa nini tusiutundike huu kwenye mizani yao? Siku hiyo wakala alikuwa ananunua, mizani yake ya kuning'iniza imefungwa kwenye tawi la mkungu. Tukaupeleka mfuko. Bloga akaanza kurekodi tangu mfuko uko chini, vijana wawili wakaunyanyua, wakautia kwenye kulabu, yeye akasogea mpaka uso wa mizani ukajaza kioo cha simu. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukatulia kwenye 46. Hakukata popote, wala hakusema neno. Kinachosikika kwenye klipu ile ni upepo, na sauti ya mama mmoja akisema, "Soma mwenyewe, soma."

Usiku huo huo ikawa hewani. Asubuhi nilipoamka nilikuwa nimepigiwa simu na watu ambao sikuwasikia tangu nistaafu: mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko Mwanza, mpwa wangu aliyeko Muscat, mama wa kikundi kingine cha Pangani akiuliza kama mnunuzi ni yule yule. Kwa kasi na kwa jicho, huduma ya bloga haina mpinzani. Kama tungengoja gazeti peke yake, mizani ile ingekuwa imeshafichwa kabla mtu hajaifikia.

Sasa upande wa pili wa huduma yake. Kichwa cha habari alichokiweka kilisema wanunuzi wa mwani wa Mkinga ni wezi. Wanunuzi huku si mmoja, na wapo ambao mizani yao hatujawahi kuilalamikia. Bei ya kilo aliiandika kimakosa. Na yule mnunuzi mwenyewe hakumpigia simu kumuuliza lolote. Nilimwandikia kuhusu bei akairekebisha mara moja, lakini kichwa cha habari alikiacha, akaniambia, "Mwalimu, kichwa kikiwa laini watu hawafungui." Siku iliyofuata habari nzima ikatoweka. Nilipompigia alikuwa na sauti ya mtu aliyetishwa. Alisema amepigiwa simu na mtu ambaye hakujitaja, akaambiwa atashtakiwa. Ikarudi baadaye, kichwa kimepunguzwa makali, jambo ambalo angelifanya tangu mwanzo kwa hiari yake bila kutishwa na mtu.

Hapa lazima niseme neno la kumtetea, maana wanaomlaumu bloga hawatazami amesimama wapi. Yeye hana mhariri wa kumwambia ngoja. Hana mwanasheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa moja kwa moja akionekana ametoa taarifa ya uongo. Machi 2018 zilipotoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, mwenye blogu alitakiwa alipe shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 nyingine ya kila mwaka. Blogu nyingi zilisimama mwaka ule. Ada zimepunguzwa tangu hapo, lakini woga umebaki. Kijana anayelipwa kwa tangazo la duka la simu na la ukumbi wa harusi, akipigiwa simu na mtu mwenye uwezo, anafuta. Na akifuta, sisi wenye mizani tunabaki peke yetu.

Mwandishi wa gazeti namba yake niliipata kwa watu wa klabu ya waandishi wa habari ya Tanga. Nilimpigia siku ile ile niliyomwandikia bloga, hakupokea. Alinipigia yeye klipu ilipokwisha kusambaa. Neno lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Mwalimu, nimeshaiona mtandaoni," na alilisema kwa unyonge mpaka nikamuuliza kuna nini. Akanieleza. Hana mshahara. Analipwa kwa habari iliyotoka. Nauli yake, bando lake, chakula chake cha njiani, vyote ni mfukoni mwake, na habari isipotoka pesa hiyo imepotea. Akimpelekea mhariri wa Dar es Salaam jambo ambalo limeshazunguka kwenye simu za watu, anaambiwa hiyo imeshapitwa. Kwa hiyo kila bloga anapotangulia, yeye anaona posho ya wiki inaondoka.

Nilikuwa sijawahi kulifikiria hivyo. Sisi wasomaji tunadhani ugomvi wao ni wa majivuno: huyu anasema mwenzake hana taaluma, yule anasema mwenzake anaandikia watu wanaovaa tai. Chini yake pana njaa. Wote wawili wanaishi kwa habari ile ile moja, na mmoja akiila kwanza mwenzake anaweza kulala bila kitu.

Alikuja wiki iliyofuata. Maji yalikuwa mafu, bahari imejaa mpaka kwenye mikoko, shambani haonekani mtu. Akatukuta kwenye chanja. Nilidhani hapo hakuna tena cha kuandika, na niliona wenzangu wameanza kukata tamaa naye. Akafungua daftari, akaniuliza swali ambalo katika shamrashamra zote za klipu hakuna aliyeliuliza: "Ule mfuko wa saruji, mmejuaje kwamba ni kilo 50?"

Tukamwambia imeandikwa. Akasema kuandikwa ni kuandikwa, je, mmeupima kwingine? Hatukuwa tumeupima. Bahati nzuri choo kilikuwa bado, mfuko upo. Akaomba upakiwe kwenye pikipiki, akaenda nao pamoja na kijana wetu hadi njia panda, kwenye duka lenye mizani iliyogongwa muhuri wa ukaguzi. Ukasoma 50. Akaupiga picha pale, mfuko na muhuri vyote vinaonekana. Aliporudi nikaona uso wake umebadilika, amepata kitu. Bila kipimo kile cha pili, mnunuzi angesema saruji ndiyo iliyopunjwa kiwandani, na nani angembishia?

Kisha akaomba kumbukumbu zetu. Hapo nilifurahi, maana mimi ni mtu wa madaftari. Nilikuwa nimeandika kila gunia la kila mama, kilo za nyumbani upande huu na kilo za mnunuzi upande ule. Alikaa kwenye mkeka akanakili safu nzima, akanirudia na hesabu mbili ambazo hakuzielewa, moja akaiacha kabisa kwa sababu mwenye gunia hakuwepo kuieleza. Akaenda kwa mnunuzi mjini. Mlinzi alitaka kitambulisho cha mwandishi, akatoa, akaingia. Bloga alikuwa ameniambia yeye pale getini alizuiwa alipojaribu baada ya zile simu. Mnunuzi akasema mizani ilianguka kutoka kwenye gari, springi imelegea, wataibadilisha. Mwandishi akayaandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Akampigia pia mtu wa vipimo kumuuliza sheria inasemaje juu ya mizani isiyokaguliwa.

Habari ikatoka nusu ukurasa. Niliisoma mara tatu. Kila takwimu ilikuwa sahihi. Jina la Bi Mkubwa limeandikwa vizuri, la kijiji pia. Hakumwita mtu mwizi, na hata hivyo aliyeisoma alielewa. Nakala niliipata saa za mchana kwa utingo wa basi, kwa sababu magazeti yanachapwa Dar es Salaam na huku kwetu yanafika jua limeshapanda. Nimeikunja nimeiweka kwenye faili la kikundi. Tulipokwenda wilayani, afisa alilichukua gazeti lile mkononi na kulisoma mbele yetu. Klipu alikuwa ameshaiona, lakini klipu hakuitolea barua. Gazeti lilitoa barua.

Lakini picha. Juu ya habari ile kulikuwa na picha ya akina mama majini, mikono kwenye kamba, jua la alfajiri. Mwandishi alikuja maji mafu, picha ile hakuwa na namna ya kuipiga. Ilikuwa ya bloga. Chini yake pameandikwa: Picha na Mpigapicha Wetu. Ndani, aya ya pili, imeandikwa kwamba uchunguzi wa gazeti hili umebaini mizani ilisoma pungufu. Aliyeing'amua mizani ni mama mwenye choo, aliyeirekodi ni bloga, wa tatu ndiye gazeti. Wa kwanza na wa pili hawamo.

Na bloga naye akalipiza. Kabla gazeti halijafika kijijini, yeye alikuwa ameshapiga picha ukurasa mzima na kuubandika, kisha akaandika upya habari yote neno kwa neno, na nembo ya blogu yake pembeni. Kipimo cha pili, madaftari yangu, majibu ya mnunuzi, yote aliyoyatafuta mwenzake kwa nauli yake, yakasomwa bure na jina la aliyeyatafuta halipo. Watu wa kijijini walisoma gazeti kwenye simu kupitia blogu, kwa hiyo hata wale wachache ambao wangetoa shilingi 1,000 yao hawakuona sababu ya kuitoa.

Jioni ile simu yangu haikupumzika. Bloga: "Mwalimu, ameniibia picha." Mwandishi: "Mwalimu, amenimaliza, ameichukua yote." Niliwasikiliza. Kila mmoja alikuwa na haki kuhusu alichonyang'anywa, na kila mmoja alikuwa kimya kuhusu alichochukua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iko wazi kuliko wanavyodhani wao. Habari ya siku, kwamba mizani imepunja, haina mwenyewe. Picha ina mwenyewe, na maandishi ya mtu yana mwenyewe. Unaweza kusema jambo lile lile kwa maneno yako bila kumuomba mtu, huwezi kubeba picha yake wala aya zake.

Kinachoniuma ni kwamba watu hawa si makabila mawili. Asubuhi blogu nyingi za nchi hii zinafunguka kwa kurasa za mbele za magazeti, moja baada ya nyingine, na ndiyo posti inayotazamwa mapema kuliko zote. Waandishi wengi wa mikoani wana blogu zao wenyewe, wanaweka humo habari ambazo mhariri amezikataa. Muhidin Issa Michuzi alikuwa mpigapicha wa gazeti la Daily News alipofungua blogu yake Septemba 2005 akiwa Helsinki, na aliyemshika mkono ni Ndesanjo Macha, aliyekuwa ametangulia kublogu kwa Kiswahili. Blogu iliyokuja kuwa maarufu kuliko zote za Watanzania wa wakati ule ilizaliwa mkononi mwa mtu wa gazeti.

Na sisi wa Tanga tuna habari ya zamani zaidi, niliyokuwa nikiwasimulia wanafunzi kila mwaka. Zama za Wajerumani gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilikuwa likitolewa hapa Tanga, kwenye mtambo wa shule ya serikali, mpaka vita vilipoufikisha utawala ule mwisho huku kwetu mwaka 1916. Sehemu kubwa ya habari zake ziliandikwa na walimu, makarani na wasomaji wa miji mingine, watu wenye kazi zao, waliokaa jioni wakaandika mji wao una nini na kuituma Tanga. Hawakuwa na kitambulisho cha uandishi. Leo tungewaita mabloga. Shaaban Robert, mwana wa Vibambani, alikuwa karani wa forodha alipokuwa akipeleka mashairi kwenye gazeti la Mambo Leo. Gazeti lilimhitaji mtu wa mahali, na mtu wa mahali alilihitaji gazeti. Jina lake likawekwa pale, na ndiyo sababu tunamjua.

Niliwaita wote wawili Tanga mjini, kwenye mgahawa wa Ngamiani ninaoupenda kwa mikate yake ya maji na chai ya tangawizi. Walipoingia wakaitana kwa majina ya utani. Nikashangaa. Kumbe wanajuana miaka, wanakaa benchi moja kila kunapokuwa na mkutano wa waandishi pale bomani, wanapeana lifti, mmoja alimchangia mwenzake msiba. Mambo ya kuchukuliana kazi wanayafanya huku wamekaa pamoja, na hawajawahi kuyazungumza.

Niliyazungumza mimi. Niliweka gazeti mezani na simu kando yake. Nikamuuliza mwandishi, "Mwanangu, hii picha uliipiga saa ngapi?" Akainamisha kichwa, akasema aliipeleka Dar es Salaam na jina la mwenye picha ameliandika, kule wakalitoa. Nikamwamini, kwa sababu alinionyesha ujumbe alioutuma, na jina lilikuwepo. Bloga akausoma ule ujumbe kimya, akaurudia. Nafikiri alikuwa anategemea ugomvi na hakuukuta. Nikamgeukia yeye: "Na wewe, mfuko wa saruji uliupeleka njia panda?" Akasema hapana. "Basi aliyeupeleka ni nani, na mbona sikumsoma?"

Kilichotoka pale si kikubwa, lakini kimetoka. Mwandishi aliwapigia wahariri, na kwenye toleo la mtandaoni la gazeti jina la mpigapicha likawekwa. La karatasi limeshachapwa, halirekebishiki, na msamaha haukuchapwa. Hilo bado linaniudhi, maana gazeti lenye mhariri na historia ndilo lenye wajibu mkubwa zaidi wa kutaja watu. Bloga aliifuta ile nakala ya neno kwa neno, akaweka aya mbili za maneno yake, jina la mwandishi, jina la gazeti, na kiungo cha kuifikia habari yenyewe. Wakakubaliana pia jambo ambalo sikuwaambia mimi: bloga akipata jambo zito ampigie mwenzake kabla ya kubandika, amwachie siku moja ya kutafuta upande wa pili, na gazeti likitoka litaje aliyeanza. Mwandishi alisema hivyo hata mhariri hawezi kusema habari imepitwa, kwa kuwa itakuwa na kitu ambacho mtandaoni hakipo.

Sasa alama, maana najua mnazingoja. Bloga nampa nne kati ya tano kwa kufika, kwa kusikiliza na kwa jicho lake, na mbili kwa uhakika. Mwandishi nampa tano kwa uhakika, tatu kwa kufika, kwa sababu nilimpigia asipokee na kama klipu isingesambaa sijui kama angekuja. Gazeti lenyewe, kwa ile picha, nalipa moja. Kama ningelazimishwa kuchagua mmoja tu kwa jambo la kwenda nalo wilayani, ningemchagua mwandishi. Kama ni jambo ambalo kesho halitakuwepo tena, mizani ya kuondolewa, mti wa kukatwa, dampo la usiku, ni bloga, na msingoje asubuhi.

Kuhusu pesa, nieleze wazi maana hili mnalinong'ona. Bloga hakuomba kitu, mwandishi hakuomba kitu. Tuliwalisha wali na samaki kama tunavyomlisha mgeni yeyote, basi. Bahasha hatukutoa na siwashauri mtoe. Ukishamlipa anayekuandika, na mnunuzi naye atamlipa, na mwenye pesa nyingi ni yeye. Kitu mnachoweza kumsaidia mwandishi bila kumnunua ni kumpunguzia safari: muwe na madaftari tayari, wahusika wawepo, namba ya upande wa pili muwe nayo, na mfuko wa saruji uwe umeshapimwa mahali pawili.

Mnunuzi alileta mizani mpya, ina muhuri. Tulitundika mfuko mwingine, safari hii wa sukari, na ukasoma sawa. Kuhusu kilo zilizopotea nyuma, bado tunaongea naye, daftari liko mezani.

Mkitaka kuwaita, andikeni ujumbe mmoja, mtume kwa bloga na kwa mwandishi saa ile ile, na humo humo mseme mwenzake naye ameitwa na ni nani. Andikeni tarehe ya bamvua, ili atakayetaka picha ya majini aje aipige mwenyewe. Na mkimpa mmoja wao picha au karatasi yenu, mwambieni mbele ya mashahidi jina litakalowekwa chini yake.